Godoro la Safari Likikunyima Usingizi: Dalili, Vyanzo na Tiba

Malalamiko kuhusu magodoro mepesi ya safari za miguu ni machache na yanajirudia: baridi inapenya kutoka chini, upepo umekwisha kabla ya alfajiri, nyonga inagusa ardhi, godoro linateleza, linapiga kelele, limevimba upande mmoja. Nimelala juu ya karibu kila moja ya matatizo haya, na viraka nilivyowabandikia wenzangu sivikumbuki tena idadi. Nilichokiona ni kwamba godoro linalolaumiwa mara nyingi ni zima. Kosa lilifanyika siku ya kulichagua, au jioni wakati wa kulijaza. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili. Ukijua usiku wako uliharibikia wapi, utajua godoro linalofuata liwe la namna gani, na huenda ukagundua kwamba huhitaji jingine.

Kwanza jua ulilonalo. Kuna sponji ngumu, ile inayofanana na ya kandambili: vitundu vyake vimejifunga, hainywi maji, haipati pancha, na huning'inizwa nje ya shanta. Ina uzito wa gramu 300 hadi 450 hivi. Kuna godoro linalojijaza lenyewe, yaani sponji laini iliyofungiwa ndani ya kitambaa kisichopitisha upepo. Ukifungua valvu, sponji inatanuka na kuvuta hewa. Halafu kuna godoro la upepo, ambalo likikunjwa linatosha nafasi ya chupa ya maji ya lita moja na likijazwa linapanda sentimita 7 hadi 10. Ndani ya hili la tatu huwa kuna kinga ya baridi: tando zinazong'aa kama fedha, nyuzi laini, au manyoya ya bata. Ila mengine hayana kitu ndani zaidi ya hewa, na kwa nje huwezi kuyatofautisha. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Mgongo umeganda ingawa mfuko wa kulalia ni mzito

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na mtu akilipata hukimbilia kununua mfuko mzito zaidi. Subiri kwanza.

Ukilala, uzito wako unaponda pamba au manyoya ya mfuko yaliyo chini yako. Kinachotunza joto ndani ya mfuko ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Ukiilalia, imetoka. Kati yako na ardhi imebaki kazi ya godoro peke yake, na mfuko uwe mnene kiasi gani, upande wa chini umegeuka shuka.

Jipime ukiwa bado umelala. Baridi ikikaa kwenye nyonga, mabega na visigino, pale mwili unapokandamiza, inatoka chini. Ikikaa kifuani na magotini, tatizo liko kwenye mfuko au nguo. Ukiwa na shaka, geuka ulale kifudifudi dakika kumi. Mgongo ukianza kupata joto na tumbo likaanza kupoa, umemkamata mwizi.

Chanzo kikuu ni kipimo cha R kuwa kidogo kuliko ardhi unayolalia. R inaonyesha jinsi godoro linavyozuia joto lisipite. Namba ikiwa kubwa, joto linapotea polepole zaidi. Kwenye magodoro hutumika vipimo vya Kimarekani, kwa hiyo usiilinganishe na namba za vifaa vya ujenzi zilizoandikwa kwa metriki: kizio kimoja cha metriki ni sawa na R 5.68 hivi. Tangu mwaka 2018 kuna kanuni moja ya kupimia, ASTM F3340. Godoro huwekwa kati ya bamba la moto na bamba la baridi, kisha hupimwa nishati inayohitajika ili bamba la moto lisipoe. Kabla ya hapo kila mtengenezaji alipima kwa njia yake. Ukinunua godoro la mitumba la miaka ile, namba iliyochapishwa juu yake ichukulie kama kauli ya muuzaji.

Mimi hujipimia hivi. Usiku usioshuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, R 2 inatosha watu wengi. Kati ya 10 na sifuri, tafuta 3 hadi 4. Chini ya sifuri anza na 5, na juu ya theluji 6 haijazidi. Unayesikia baridi haraka, ongeza moja. Kuongeza hapa ni jambo jema kwa sababu R kubwa haikuchomi usiku wa joto. Kazi yake ni kukutenga na ardhi tu. Gharama yake ni uzito, na siku hizi hata uzito hautofautiani sana: godoro la upepo lenye R ya 4 hadi 5 hupatikana kwa gramu 350 hadi 500.

Chanzo cha pili ni lile godoro tupu nililolitaja. Langu la kwanza lilikuwa hivyo. Lilikuwa na unene wa sentimita saba, nami niliamini unene ndio joto. Saa nane za usiku nilikuwa nimekaa kitako ndani ya hema, nimetandika koti la mvua, nguo za akiba na shanta tupu juu ya godoro, nikisubiri kupambazuke. Hewa iliyoachwa huru ndani ya chumba kikubwa haitulii. Ile iliyo karibu na mwili inapata joto, iliyo karibu na ardhi inapoa, na zinapobadilishana nafasi joto lako linaondoka nazo. Tando na nyuzi zinazowekwa ndani kazi yake ni kuizuia hewa hiyo isizunguke. Kama godoro lako halina R iliyoandikwa mahali popote, wala maelezo ya kinga, lihesabu kuwa tupu.

Dawa ya vyanzo hivi viwili ni moja na haina ufundi: R hujumlishwa. Sponji ngumu ya R 2 chini ya godoro la upepo la R 3 inakupa 5. Hesabu ni ile ile ipi iwe juu, ipi iwe chini. Mimi huweka sponji chini kwenye miiba na changarawe ili ilinde godoro, na huiweka juu ninapohitaji isiniteleze. Ukiwa tayari uko kambini na huna sponji, tandika chini ya mgongo na nyonga kila kikavu ulichobeba: kamba iliyozungushwa, nguo, shanta lenyewe.

Kuna vyanzo vingine ambavyo husahaulika. Godoro lenye upepo kidogo mno hukuacha nyonga ikiwa sentimita mbili kutoka ardhini, na R iliyoandikwa haipo tena mahali hapo. Godoro jembamba huacha mkono mmoja nje usiku kucha. Kambi iliyo kwenye bonde la chini kabisa hukusanya hewa ya baridi, maana hewa baridi ni nzito na hushuka kama maji. Kupanda mita chache ubavuni mwa kilima hubadili usiku mzima. Ardhi iliyolowa nayo huvuta joto kuliko ardhi kavu. Na kwenye magodoro ya manyoya, manyoya yaliyolowa hujikusanya mabonge na kuacha sehemu tupu. Hayo utayapapasa kwa mkono kabla hujayajaza upepo.

Namba ya baridi iliyoandikwa kwenye mfuko wa kulalia hupimwa kwa kanuni ya ISO 23537, mfuko ukiwa umelazwa juu ya godoro lenye kinga. Ukiutandika juu ya godoro dhaifu, namba ile si yako tena. Na kama lebo ina namba mbili, ile ya starehe imekadiriwa kwa mwanamke wa kawaida na ile ya kikomo kwa mwanamume wa kawaida. Nunua kwa kutazama ile ya starehe, uwe nani.

*Acha kila kitu hapa:* mwenzako akitetemeka bila kuweza kujizuia, akaanza kuburuta maneno, kujikwaa au kushindwa kufunga zipu aliyokuwa akiifunga jana, hilo si suala la godoro tena. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 ni hatari ya maisha. Mtetemo ukikoma naye bado ni wa baridi na amechanganyikiwa, hali imezidi kuwa mbaya. Mvue nguo zilizolowa, mtenge na ardhi kwa magodoro yote mliyonayo, mfunike mpaka kichwani, mpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa tu ana fahamu na anameza vizuri, na mtafute waokoaji mara moja. Msimshurutishe kutembea, msimsugue mikono na miguu, na pombe msimpe.

Jioni lilikuwa gumu, alfajiri limelegea

Watu wengi hapa hutangaza pancha haraka. Mara nyingi hakuna pancha.

Pumzi yako inaingia godoroni ikiwa na joto linalokaribia la mwili. Usiku inapoa. Hewa iliyotoka nyuzi 33 ikafika nyuzi 3 hupungua ujazo kwa karibu sehemu moja ya kumi, bila hata tone la upepo kuvuja. Kitambaa kipya nacho hunyooka kidogo kikijazwa. Kwa hiyo jaza godoro mara tu unaposimamisha hema, endelea na kazi zako za jioni, kisha liongeze upepo kabla ya kulala. Likiwa bado gumu kiasi kinachokufaa asubuhi, kesi imefungwa.

Ili kujua kama linavuja kweli, fanya jaribio nyumbani, ndani ya chumba ambacho joto halibadiliki. Lijaze, subiri nusu saa, liongeze, kisha liwekee uzito juu usiku mzima. Ukilala juu yake mwenyewe ni bora zaidi, maana matundu mengine hufunguka kwa kukandamizwa tu. Likilegea waziwazi, rudia mara moja zaidi ukiwa umehakikisha valvu imefungwa sawasawa. Likilegea tena, sasa tafuta.

Anza na valvu, kila mara. Valvu nyingi za sasa zina ulimi mwembamba wa mpira au silikoni unaoruhusu upepo kuingia na kuuzuia kutoka. Punje moja ya mchanga chini ya ulimi huo inatosha. Jamaa mmoja aliniletea godoro akiwa ameshalibandika viraka vitatu, vyote mahali ambapo hapakuwa na tundu. Nilipofungua valvu na kumulika tochi kwa pembeni, niliona unywele mmoja mweusi umelala juu ya mdomo wa valvu, ukiunyanyua ulimi kwa upana usioonekana mpaka mwanga uupige ubavuni. Niliutoa kwa kibanio cha nyusi, nikaisuuza valvu kwa maji safi, na godoro likashika upepo usiku kucha. Vile viraka vitatu bado vipo.

Kujua kama ni valvu, paka maji ya sabuni juu yake ikiwa imefungwa, ukandamize godoro. Mapovu yakikua, umepata. Suuza, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, jaribu tena. Valvu ya kuzungusha iliyolegea uzi wake, au ulimi uliopinda, hubadilishwa ikiwa ni ya aina inayotoka. Ikiwa imeunganishwa moja kwa moja na kitambaa, usiichokoe kwa kisu.

Valvu ikiwa safi, ndipo tunakuja kwenye tundu. Lijaze godoro mpaka liwe gumu, kisha tafuta kwa hatua.

Kwanza kwa sikio na shavu. Ingia mahali pasipo upepo, lowesha shavu au mdomo wa juu, upitishe taratibu sentimita mbili juu ya kitambaa huku mkono mwingine unakandamiza. Ngozi iliyolowa husikia upepo ambao vidole havisikii. Fuata kwanza mistari ya mikunjo, kwa sababu godoro linalokunjwa mahali pale pale kila siku hutoboka hapo.

Shavu likishindwa, paka maji ya sabuni kwa sponji, chumba kwa chumba, kila eneo ulipe dakika nzima. Tundu dogo halitoi mapovu yanayoruka. Linatoa kidoa cheupe cha povu laini sana ambacho kinakua polepole kama ukungu. Hapa ndipo wengi hukosa subira na kulipita.

Mwisho ni kulizamisha kwenye beseni au maji yaliyotulia, sehemu kwa sehemu. Hakikisha valvu imefungwa, na kama ni la manyoya usilizamishe kabisa.

Ukiliona tundu, lizungushie duara kwa kalamu papo hapo, maana likikauka hulioni tena. Toa upepo wote. Safisha kwa spiriti eneo lenye upana wa kiraka na zaidi kidogo, acha likauke kabisa. Kwa tundu la sindano, tone la gundi ya poliuretani linatosha. Kwa mchano, kiraka kiwe na pembe za mviringo na kivuke ukingo wa mchano kwa sentimita moja na nusu kila upande. Kandamiza, weka uzito juu, uache usiku mzima. Gundi ile inayokauka kwa sekunde haifai hapa: inakuwa ngumu kama kioo na inapasuka godoro likikunjwa. Utepe mpana wa kunata (duct tape) utakuvusha usiku mmoja, lakini utaacha ulimbo ambao kiraka cha kweli hakitaukubali mpaka uutoe wote.

*Mahali pa kuacha:* upepo ukitoka kwenye mshono wa ukingo, au pale shina la valvu linapokutana na kitambaa, usibandike. Sehemu hizo zimeunganishwa kwa joto na shinikizo, na kiraka juu yake hakidumu. Zaidi ya hapo, gundi yako inaweza kumfanya mtengenezaji akatae dai la dhamana. Mwandikie kwanza, ukiambatanisha picha ya mapovu.

Limevimba kama mto mahali pamoja

Ndani ya godoro la upepo kuna kuta nyembamba zinazounganisha uso wa juu na wa chini. Ndizo zinazoliweka bapa. Ukuta mmoja ukibanduka, vyumba viwili vinakuwa kimoja na uvimbe unatokea. Chanzo cha kawaida ni joto: godoro lililojazwa likaachwa juani au ndani ya hema lililofungwa mchana, hewa ikatanuka, gundi ikalainika. Kinachofuata ni kujaza kupita kiasi kwa pampu, na uzee. Wakati mwingine ni kasoro ya kiwandani.

Hakuna tiba ya nyumbani. Niliwahi kujaribu kuingiza gundi kwa bomba la sindano, nikaharibu hata vyumba vilivyokuwa vizima. Punguza upepo umalizie safari hiyo, maana ukuta jirani sasa unabeba mzigo wa wawili na utafuata, kisha lirudishe kwa dhamana. Kasoro ya namna hii watengenezaji wengi huitambua. Kukinga ni rahisi: ukitoka hemani mchana, fungua valvu.

Nyonga inagusa chini, au bega limekufa ganzi

Dalili mbili hizi huletwa pamoja lakini zinavutana. Nyonga ikigusa chini, upepo ni mdogo au godoro ni jembamba mno. Bega likifa ganzi, upepo umezidi.

Tafuta kiwango chako hivi. Jaza mpaka liwe gumu, lala ubavu, kisha gusa valvu itoe upepo kidogo kidogo mpaka nyonga na bega vizame na uti wa mgongo unyooke. Keti katikati ya godoro: ukisikia ardhi ukiwa umeketi ni sawa, ukiisikia ukiwa umelala ubavu ongeza pumzi mbili. Wanaolala chali hustahimili hata sponji ya sentimita 2. Anayelala ubavu atafute sentimita 7.5 au zaidi, na hapo ndipo ningeweka uzito wangu wa ziada kabla ya mahali pengine popote.

Vipimo vya mwili navyo. Upana wa kawaida ni sentimita 51, na urefu ni 183. Mtu mwenye mabega mapana, au anayejigeuza sana, mikono yake itaanguka pembeni usiku wote. Sentimita 64 inamwongezea gramu mia moja hivi na kumpa usingizi. Wengine hukata uzito kwa kununua godoro fupi la sentimita 120 na kuweka shanta chini ya miguu. Ni mbinu nzuri penye joto. Penye baridi, visigino vitakulaumu.

Ganzi isiyoisha baada ya kuamka na kutembea, au maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, mpelekee daktari. Usiyatafutie godoro.

Unaamka umetelezea pembeni

Kabla ya yote, tazama mteremko. Lala bila godoro kwa dakika moja, kichwa upande wa juu. Mwili utakuambia ardhi inaelekea wapi kuliko macho. Ukiwa kwenye tambarare na bado unateleza, ni kitambaa cha nailoni juu ya nailoni. Chora mistari ya silikoni ya kuzibia mishono kwenye sakafu ya hema, usiichore kwenye godoro lenyewe, uiache ikauke siku nzima. Kipande chembamba cha sponji chini yake kinafanya kazi hiyo hiyo. Na punguza upepo: godoro lililojaa kama ngoma lina mgongo wa mviringo.

Linapiga kelele kila ukigeuka

Mkwaruzo kama wa pakiti ya bisikuti unatokana na zile tando zinazong'aa ndani. Ni sauti ya kinga yenyewe, hakuna kilichoharibika. Hupungua godoro likizoeleka, na hupungua zaidi ukitoa upepo kidogo au ukitandika shuka nyembamba juu. Kama unalala hema moja na mtu mwenye usingizi mwepesi, chagua godoro la nyuzi au manyoya, na ulijaribu kwa masikio kabla ya kulipa. Mlio mpya ambao haukuwepo, wa kitu kinachogonga au kuteleza ndani, ni jambo lingine: utando umechanika au ukuta umebanduka. Rudi kwenye sehemu ya uvimbe.

Harufu ya uvundo, madoa meusi kwa ndani

Pumzi ni maji. Ukijaza kwa mdomo kila usiku, kisha ukalikunja asubuhi na kulitupa kabatini, ukungu unapata makazi. Kwenye baridi kali unyevu huo huganda na kuwa barafu ndani. Kwenye godoro la manyoya, kujaza kwa mdomo ni mwiko: manyoya yakilowa kinga imekwisha. Tumia mfuko wa kujazia, ule unaouelekeza kwenye upepo, unaukunja mdomo na kuusukuma; una uzito wa gramu chache, na wengi hupakia nguo zao humo njiani. Pampu ndogo ya betri inafaa pia, ila malizia kwa mkono ili usizidishe.

Ukirudi nyumbani, litandaze valvu ikiwa wazi, kivulini, kwa siku mbili au tatu. Madoa yaliyokwisha kuingia hayatoki. Usimimine klorini ndani, inaweza kuliharibu godoro. Mwenye pumu au mapafu dhaifu asilale juu ya godoro lenye ukungu wala asilipulizie kwa mdomo, hata kama linashika upepo vizuri.

Kuhusu kemikali, dawa za mbu zenye DEET huyeyusha plastiki nyingi. Zipake, zikauke, ndipo ulale.

Linalojijaza lenyewe halijijazi tena

Sponji iliyokaa imebanwa miezi kadhaa husahau umbo lake, na lililo jipya mara nyingi hufika hivyo kutoka ghalani. Fungua valvu, lijaze kwa nguvu, funga, liache usiku mzima. Rudia siku mbili. Lihifadhi likiwa limetandazwa, valvu wazi, chini ya kitanda au nyuma ya kabati. Kama linajaa sehemu moja tu na nyingine imeshikana, liweke mahali penye joto la kawaida na ulichezeshe kwa mikono. Usilisogeze karibu na jiko wala pasi. Sponji ikiachana na kitambaa, tumeshasema ya uvimbe.

Ukiwa unachagua sasa

Soma upya dalili iliyokusumbua, ndiyo inayopanga mstari wa kwanza wa mahitaji yako. Aliyeganda aanze na R. Anayeumwa nyonga aanze na unene. Aliyepata pancha tatu kwa msimu aangalie kitambaa: kinachoandikwa 20D (D ni denier, kipimo cha unene wa uzi) ni chepesi na chembamba, 30D ni cha kati, na kuanzia 70D ni cha kuburuzwa. Hakuna godoro linalokupa R kubwa, unene, uimara na gramu 300 kwa pamoja, kwa hiyo amua mapema kipi utakiacha.

Uzito upime kwa mizani yako, pamoja na mfuko wa kujazia, ala ya kuhifadhia na viraka. Godoro la gramu 350 linalokulazimisha kubeba turubai la kulikinga na miiba linaweza kuwa zito kuliko la gramu 500 linalojitosheleza. Kwa safari ya mbali na msaada, katika baridi, mimi siendi na godoro la upepo pekee. Nabeba sponji ya nusu urefu hata ikiwa R ya godoro inatosha, kwa sababu upepo ukiisha saa tisa usiku, ile sponji ndiyo itakayobaki.

Na wiki moja kabla ya kuondoka, lijaze, lala juu yake sakafuni usiku kucha ukiwa ndani ya mfuko wako. Ukipata tundu usiku huo, una siku sita za kuacha gundi ikauke.